MASHINI INAZIMA YENYEWE: TUANZIE WAPI?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo wengi wamekuja kutuuliza neno moja: juu ya nini kompyuta ya shule inazima katikati ya kazi? Mwenzetu anaandika zoezi la hesabu za biashara, amefika ku mstari wa mwisho, ghafula ekrani inakuwa bluu ao nyeusi, na kazi yote imekufa. Mafinalisti wa Komersiali ndio wanaumia zaidi, sababu majaribio ya vitendo yako mbele yao na mashini iko moja kwa wanafunzi wanne.

Jibu tunalosikia kila siku, ndani ya shule na huko inje katika Cimpunda yote, ni hili: «Iko na virusi.» Fundi anakuja, anafuta vyote, anaweka Windows mupya, anapokea dola zake, anaenda. Kisha siku tatu mashini inazima tena. Sisi wakapita wa shule tumekaa na mwalimu wa informatike, tumefungua mashini hizi moja moja, na tunapenda kuwaeleza yale tuliyoona. Virusi ni maandishi tu. Anaweza kuharibu maandishi mengine, lakini hawezi kujaza vumbi ndani ya ventilateri wala kuchosha waya. Ugonjwa wa chuma hauponi kwa kufuta maandishi.

Namna gani tutajua kama ugonjwa ni wa chuma? Angalieni wakati inapozima. Ikiwa inazima katika programu moja tu, kila mara pale pale, tushuku programu ile kwanza. Ikiwa inazima popote, leo katika Word, kesho hakuna mtu anayeigusa, tushuku chuma. Na ikiwa inazima hata mbele Windows haijafunguka, pale ambapo maandishi ya kiwanda yako yanapita ku ekrani, hapo Windows haina kosa kabisa, sababu haijaamka bado. Kuna tena alama ya ndani: Windows inaandika kila jambo katika kitabu chake, kile ambacho kwa Kifaransa kinaitwa observateur d'événements. Tafuteni namba 41. Maana yake ni kwamba mashini ilizimika bila kuaga. Ikiwa pembeni ya 41 kanuni ya kosa ni 0, mara nyingi umeme ulikatika ao mashini iliganda kabisa. Ikiwa ekrani ya bluu inaonyesha 0x124, ni chuma chenyewe kinalalamika. Ekrani ile inapita mbio, juu Windows inajiwasha tena yenyewe. Ondoeni ile alama ya redémarrer automatiquement, ndipo mutapata nafasi ya kunakili namba ku kaye.

UMEME KWANZA

Hapa kwetu mshitakiwa wa kwanza ni umeme, na tutakaa kidogo juu yake. Watu wanasema: «Umeme uko, taa inawaka.» Taa kuwaka haitoshi. Mtambo wa Ruzizi II, ule ulioanza kazi mwaka 1989, haujui kama kwenu kuna waya nzuri ao mbaya. Cimpunda nyumba zimebanana ku mlima, na waya moja inatoka ku poto, inaingia kwa jirani, inatoka tena kwa jirani mwingine, mpaka nyumba ya mwisho kule chini. Tufanye hesabu pamoja, ile ya sheria ya Ohm ambayo sisi wote tumeisoma.

Waya ni ya shaba, unene milimeta za mraba 1,5, urefu meta 100. Kwenda na kurudi ni meta 200. Rezistansi yake ni 0,017 mara 200, gawanya kwa 1,5: karibu ohm 2,3. Saa ya kupika, wamama watano kule mwisho wanawasha resho za watti 1000. Resho moja ni ohm 48,4. Tano pamoja ni karibu 9,7. Ongezeni 2,3 ya waya: 12. Kwa hiyo umeme unaopita ni 220 gawanya kwa 12, ndiyo karibu ampere 18. Sasa 18 mara 2,3 ni zaidi ya volti 40 zinazobaki njiani. Nyumba ya mwisho inapata karibu volti 178 badala ya 220. Na zile volti zilizopotea hazikuenda bure: karibu watti 770 zinapasha moto waya nyembamba inayopita chini ya mabati na ku mbao. Mioto ya nyumba katika Kadutu tunaijua wote. Mara nyingi watu wanasema ni «surkwi», lakini waya ilikuwa imekwisha kuchoka siku nyingi.

Turudi ku kompyuta. Ndani yake kuna kisanduku cha umeme, kile ambacho mafundi wanaita alimantasio. Ndani ya kisanduku kuna kondansateri kubwa inayotunza akiba ndogo. Umeme ukikatika kidogo sana, akiba ile inabeba mashini kwa muda wa milisekonde 16 hivi, na hakuna mtu anayejua kama kuna kitu kilipita. Lakini katika visanduku vya zamani akiba inafuata volti kwa mraba wake. Kwa volti 178, mraba wa 178 gawanya kwa mraba wa 220 unatoa 0,65. Basi akiba imebaki karibu theluthi mbili. Mkatiko mdogo ambao saa nne ya asubui haukufanya kitu, saa kumi na mbili ya magaribi unazimisha mashini. Ndiyo sababu mwenye kompyuta nyumbani anasema: «Inazima mangaribi tu, ni majini.» Hapana. Ni resho.

Kwa hiyo, mbele ya kufungua mashini, badilisheni prizi. Badilisheni waya ya kisanduku. Ondoeni ralonji iliyopachikwa ndani ya ralonji ingine. Mwenye mita ya volti apime saa mbalimbali na kuandika. Stabilizateri inasaidia volti ikishuka polepole. Umeme ukikatika kabisa haisaidii kitu, hapo inatakiwa ondileri, ile yenye betri ndani. Na delestaji ikiisha, hapana kuwasha palepale. Ngojeni dakika tano, sababu umeme unaporudi unarudi na mruko.

Wale ambao wamepokea mashini kutoka kwa ndugu wa Marekani waangalie nyuma ya kisanduku. Katika vingine vya zamani kuna kitufe chekundu chenye 115 na 230. Kule wanatumia volti 120. Mukichomeka ku volti zetu 220 na kitufe kiko ku 115, mutasikia mlio mmoja kama bunduki, na habari imekwisha.

Wengine wanalalamika kwamba wakigusa sanduku la chuma wanasikia kama siafu wanatembea ku kidole. Hii si ugonjwa wa mashini. Kisanduku cha umeme kina kichungi ambacho kinapaswa kumwaga uchafu wake ndani ya udongo, na nyumba zetu nyingi hazina waya ya udongo. Uchafu unabaki ku chuma. Dawa yake ni waya ya udongo. Fundi wa umeme anajua kuitia.

Neno la kukataza: hapana kufungua kisanduku cha umeme chenyewe. Kondansateri ile inatunza volti karibu 310, hata kisha kuchomoa ku prizi. Inaweza kuua mtu. Tumesema.

VUMBI

Hapa hatutakawia. Mwezi wa saba na wa nane udongo mwekundu unaingia kila pahali. Ventilateri inajaa, kichwa cha mashini (prosesa) kinapata joto, kwanza kinafanya kazi polepole, kisha kikikaribia digri 100 kinazimisha mashini kusudi kisiungue. Mashini ya namna hii inazima kisha dakika ishirini ao nusu saa, na ukiiwasha palepale inazima mbio zaidi. Chukueni burashi laini, shikeni ventilateri kwa kidole isizunguke, pulizeni inje. Ikiwa ile marhamu katikati ya prosesa na chuma chake imekauka kama chokaa, iondolewe na ipakwe mupya, kiasi cha punje ya mchele. Wengine wanapaka kama siagi ku mkate; ni kuharibu mali.

MASHINI YA NAMBA 4

Sasa tuwape mfano kamili, sababu namna ya kutafuta ina faida kuliko kujua majina ya vyombo.

Mashini ya 4 ya chumba chetu ilikuwa inazima mara mbili ao tatu kwa siku, bila saa maalumu. Fundi mmoja wa mji aliifuta mara mbili, dola 10 kila mara. Mara ya tatu alisema RAM imekufa. Komite ya wazazi ikatoa dola 15, barreti mupya ikanunuliwa, ikatiwa pembeni ya ile ya zamani. Mashini ikazima vilevile. Basi ikaandikwa ku liste ya zile za kuuzwa kama vipande. Prefe alitupa siku kumi za kuitazama mbele ya kuuzwa. Dola 35 za wazazi zilikuwa zimekwenda, na kuna wazazi kati yetu wanaouza mboga ku soko kusudi wapate pesa hiyo.

Sheria yetu ilikuwa moja: kubadilisha kitu kimoja tu, kungoja, kuandika, ndipo kubadilisha kingine. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashini ikapona, hujui ni kipi kilichoponya; na isipopona, hujui kitu kabisa. Tulifuata Tomaso, yule aliyetaka kugusa mbele ya kusadiki.

Kwanza tulipeleka mashini ya 4 ku prizi ya mashini ya 3, na ya 3 ku prizi ya 4. Siku mbili. Ya 4 ilizima tena pahali pake papya, ya 3 haikuzima. Basi prizi haina kosa. Pili tulisafisha vumbi na kusoma joto: digri 58. Si joto. Tatu tulichukua kisanduku cha umeme cha mashini ya 6, ambayo tunajua ni nzima, tukakitia ndani ya 4. Ilizima. Tukakirudisha kwa mwenyewe.

Nne, memori. Kuna programu ya bure inayoitwa Memtest86+. Inatiwa ku kle USB na mashini inaamka nayo bila Windows. Inaandika tarakimu katika kila chumba cha memori, kisha inasoma tena kuona kama zilibaki vile. Uzuri wake ni huu: Windows imelala, virusi amelala, anayejaribiwa ni chuma peke yake. Tulifanya siku ya posho, kwa sababu usiku delestaji inakata jaribio. Haijafika dakika ishirini, mistari myekundu ikajaa ekrani. Wenzetu wakapiga kelele: «RAM! Fundi alisema kweli!»

Polepole. Kulikuwa barreti mbili, tuziite A na B, na nyufa mbili za kuzitia, ufa wa 1 na wa 2. Ni nani mwenye kosa kati ya vitu vinne? Tulijaribu moja moja:

A ndani ya ufa wa 1: safi.
B ndani ya ufa wa 1: safi.
A ndani ya ufa wa 2: makosa.
B ndani ya ufa wa 2: makosa.

Someni tena ile mistari minne. Barreti zote mbili ni nzima, ya zamani na ya mupya. Ufa wa 2 ndio mgonjwa. Dola 15 zilinunua dawa ya mtu asiyekuwa mgonjwa.

Tukawasha taa ya telefone, tukachungulia ndani ya ufa. Mende alikuwa ametaga mayai kule chini na kuacha uchafu wake juu ya vidole vya chuma. Burashi ya meno, alkoli ya digri 90, kungoja ikauke vizuri, kujaribu tena: Memtest ilizunguka mara nne bila mstari mmoja mwekundu. Leo ni juma la tatu, mashini ya 4 haijazima hata mara moja, na imeondolewa ku liste.

Musicheke mende wetu. Tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 1947, katika chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, mashini kubwa ya kuhesabu iliyoitwa Mark II ilikosea, na wafanyakazi wake walikuta nondo amekufa ndani ya mtambo mmoja. Walimgandisha ku kaye yao na kuandika habari yake. Kaye yao imetunzwa mpaka leo. Sisi mayai ya mende tuliyatupa, lakini kaye tunatunza.

Jambo moja juu ya kusafisha barreti. Yale meno ya manjano ni dhahabu, nyembamba sana kuliko unywele. Chomoeni mashini ku prizi, guseni kwanza chuma cha sanduku kusudi umeme wa mwili utoke, kisha pitisheni gome nyeupe ya kufutia karayoni. Hapana kutumia msasa ao kisu, mutaondoa dhahabu na chini yake kutaota kutu. Na tunapenda kusema hivi pembeni: kuna dhahabu kama ya Kamituga ku meno yale, kuna bati kama ya Nyabibwe inayounganisha vyombo ku ubao, na katika mashini nyingi kondansateri ndogo za tantali, ile inayotoka ku koltani. Milima yetu inaenda mbali, na inarudi kwetu ikiwa okazioni.

INAINGIA LAKINI HAIPATANI

Kuna vyombo vizima ambavyo havipatani. Hapa wengi wanadanganywa ku soko, na muuzaji hana nia mbaya kila mara. Hata yeye hajui.

DDR3 na DDR4 haziingiliani: alama yao haiko pahali pamoja, na DDR3 iko na meno 240, DDR4 iko na 288. Musilazimishe kwa nguvu. Hatari zaidi ni ile inayoingia. Barreti za mashini kubwa za kampuni, zile seva, ziko na urefu mmoja na alama moja na zetu, na bei yake ni ya kuvutia. Unaitia, inakaa vizuri, na mashini ya kawaida haiamki, inalia tu. Someni karatasi juu yake: ikiwa kuna herufi R kisha tarakimu, kama 10600R, acheni. Vilevile portable nyingi za kizazi cha mwaka 2013 na kuendelea zinataka DDR3L, inayokula volti 1,35. Ile ya volti 1,5 inaingia ndani ya ufa uleule, na mashini inakataa kuamka ao inaamka na kuzima. L ile ndogo ni bei ya chakula cha juma zima.

Chaja ya portable ni vilevile. Tundu kulingana si kitu. Linganisheni volti, kisha watti. Chaja ya watti 45 ku mashini ya watti 90 inachoka na kupata moto, na mashini inazima wakati kazi ni nzito.

Kuna tena kosa la kiwanda, ambalo hakuna burashi inayoliponya. Kati ya mwezi wa tano 2003 na wa saba 2005, Dell iliuza kompyuta karibu milioni 12 zenye hatari ya kondansateri mbovu, zile za namna ya OptiPlex GX270. Kondansateri zinavimba kichwa kama mkate, ao zinatoa maji ya rangi ya kahawia. Mashini za umri ule zingali zinauzwa kwa bei ndogo sehemu mbalimbali. Mbele ya kulipa, ombeni muuzaji afungue sanduku. Vichwa vya kondansateri viwe sawa kama meza. Akikataa kufungua, rudini nyumbani na pesa yenu.

Juu ya disiki neno fupi. Disiki ya kuzunguka ikianza kupiga tik, tik, tik, nakilini kazi yenu siku hiyohiyo, kesho iko mbali. Programu ya CrystalDiskInfo inaonyesha hesabu ya sehemu zilizokufa na kuhamishwa. Ikiwa hesabu inapanda kila juma, disiki inaaga.

Na mashini ambayo kila asubui inasema ni mwaka 2009 haina ugonjwa mkubwa. Ni betri ndogo ya saa, CR2032 ya volti 3, ndiyo imekwisha.

Imebaki mashini ya 9. Tumejaribu prizi, kisanduku cha umeme, barreti zote katika nyufa zote, na disiki ya mashini ingine. Bado inazima, na inazima tu wakati kle USB iko ku tundu la mbele. Wengine kati yetu wanasema waya ya tundu lile inagusa chuma, wengine wanasema ubao mkubwa umepasuka. Posho inayokuja, saa nane ya muchana, tutachomoa waya ya tundu la mbele peke yake na kungoja. Anayependa kuona aje na karayoni; kaye ya mashini iko mezani kwa mwalimu.